Stelingi Hafi

Saa tisa alasiri Mfumaji alianza kufuma, na katikati ya ukumbi wa Songea likachomoza jua la pili.

Halikuwa jua la kwenye kitambaa cha sinema. Lilining'inia hewani juu ya vichwa vya watu mia sita, na lilikuwa na joto lake na harufu yake ya chuma kilichoungua. Mfumaji mwenyewe alikuwa mashine ndogo tu, kama sanduku la nguo, iliyofungwa nyuma ya jukwaa. Alitoa picha zenye mbele na nyuma, akazitungia maneno palepale. Kila mtazamaji alivaa bangili ya mapigo. Mioyo ikienda mbio, Mfumaji alikoleza. Mioyo ikichoka, alibadili njia. Ukutani mshale wa mizani ya msisimko ulipanda na kushuka, na watu waliutazama kama wanavyotazama ubao wa magoli.

Ilikuwa Ngao ya Jua, sehemu ya thelathini na moja. Dunia nzima ilikuwa imekua na filamu hiyo. Mwisho wa kila sehemu milki ya wavamizi huanguka, na mwanzo wa sehemu inayofuata hufufuka, kwa sababu milki ikifa moja kwa moja, tiketi nazo zinakufa. Mtu wa Songea aliweza kukutajia kwa mpangilio wafalme tisa wa sayari ya Orumu, akashindwa kukutajia watu watatu waliolala katika kaburi la pamoja la mji wake.

Jambo hilo lilimwasha Otmar Gama kama upupu. Yeye ndiye fundi aliyemuunda Mfumaji. Kampuni yenye filamu iliporuhusu kila mji uingize historia yake katika sehemu ya thelathini na moja, Otmar alikuwa wa kwanza kuomba. Aliiandika vita ya Majimaji bila kuipaka sukari: dawa ya maji, risasi ambazo hazikugeuka maji, na kamba. Aliandika kwamba mashujaa walinyongwa, kwa sababu walinyongwa.

Kisha akafanya jambo moja la kiburi. Mashine za miji mingine zilisimulia kwa sauti laini za dukani. Yeye alimlisha Mfumaji diski zilizorekodi sauti ya babu yake, marehemu Kaspar Gama, ambaye miaka sitini nyuma alitafsiri filamu za kigeni kwa maikrofoni katika banda la video la mtaa wa Lizaboni. Kaspar hakujua Kichina wala Kihindi. Alijua watu waliokaa kwenye mabenchi.

"Oyaa, tulieni huko nyuma!" sauti yake ilinguruma sasa kutoka hewani. "Stelingi ndo huyo kaingia! Mnamwona? Huyo hacheki na nyani!"

Ukumbi ulicheka; stelingi ndilo jina la bandani la shujaa wa filamu. Otmar alisimama mlangoni, kifua mbele. Ilikuwa sauti yetu, si ya kuazima.

Mashujaa walipopandishwa kwenye jukwaa la kunyongea, mshale ulianza kuteremka. Hamsini na tano. Hamsini.

"We Otmar, unatuulia watu wetu!" alipiga kelele Festo Mapunda, fundi pikipiki, kutoka safu ya tatu.

Hapo Mfumaji akabadili njia. Mbingu ilipasuka, ngao za dhahabu zikashuka, kamba zikageuka maji. Mashujaa wakapaa mmoja mmoja, na mbele yao alipaa yule nduna, mkuu wa vita, ambaye mji umebeba jina lake.

"Niliwaambia mimi!" sauti ya Kaspar ilishangilia. "Stelingi hafi!"

Watu mia sita waliruka juu. Mshale uligonga mia. Otmar naye alijikuta anapiga makofi, mpaka alipomwona shangazi yake akitoka.

Alimkuta nje, kwenye ngazi za saruji. Shangazi Kunigunda alikuwa mtoto wa mwisho wa Kaspar, na kila tarehe ishirini na saba Februari, siku ya kuwakumbuka walionyongwa, yeye ndiye aliyesoma majina yao kaburini. Mkononi alishika daftari lake lenye jalada la kijani.

"Shangazi, sikuandika vile," Otmar alisema. "Naapa. Ni Mfumaji."

"Nimekuona unapiga makofi."

Otmar alitia mikono mfukoni.

"Mwaka jana kaburini tulikuwa watu kumi na mmoja," Kunigunda aliendelea. "Ukaniambia, shangazi, lete majina ukumbini, filamu ikiisha utawasomea watu mia sita. Nikakubali. Sasa kesho, siku yao, nitamsomea nani, baba? Wameshawaona wamepaa. Nitasoma majina ya abiria?"

"Nitamrekebisha."

"Asubuhi, wewe hukuwepo, wanafunzi wameonyeshwa hiyohiyo. Mwalimu wao amenipigia simu. Wanauliza kaburi lile ndani mna nini."

Otmar alirudi ndani akamfungua Mfumaji. Amri yake ilikuwa palepale: wanyongwe. Lakini mashine hufuma kwa nyuzi ilizopewa, na katika diski zote za Kaspar haikuwepo hata moja ambamo shujaa alikufa. Kila shujaa alipozidiwa, Kaspar aliruka kipande, alidanganya, alimfufua. Mfumaji alijifunza hivyo, na alijifunza vizuri.

"Babu alitudanganya," Otmar alimwambia shangazi, aliyekuwa amemfuata. Alisema kwa hasira, kama aliyeibiwa. "Tangu zamani. Mashine imerithi uongo wake."

"Chunga mdomo wako. Wale watu walikuwa wametoka kubeba mahindi kutwa nzima, ulitaka awaongezee misiba? Na si kila siku. Kuna siku alinyamaza."

"Alinyamaza vipi?"

"Nilikuwa na miaka minane, nimekaa miguuni pake. Mtu mwema kwenye filamu akatiwa kitanzi. Baba akaweka maikrofoni chini. Watu wakapiga mabenchi, tafsiri wewe, tafsiri! Hakutafsiri. Filamu ikaisha hivyo. Njiani nikamuuliza, akasema, 'Babu yangu aliniambia tulivyonyongwa. Ile siwezi kuichezea.'"

Otmar aliigeukia mashine haraka. Alifungua orodha ya usafishaji wa diski, kazi aliyoifanya kwa mikono yake mwenyewe. Ilikuwa imeandikwa hapo, kwa herufi zake: *ukimya, dakika nne, kurekodi kumeharibika, futa*.

Kwa hilo babu hakusema uongo. Mjukuu ndiye aliyetupa ukweli, kwa sababu haukuwa na sauti.

"Diski yenyewe ninayo bado," alisema. "Nikimrudishia Mfumaji zile dakika, atajua la kufanya. Lakini Shangazi, mshale ukikaa chini ya arobaini dakika tatu, Kampuni inamzima kutoka hukohuko iliko na kutunyang'anya filamu. Ukumbi utabaki kuta."

Kunigunda alifuta vumbi kwenye jalada la daftari kwa kiganja. "Mimi nina majina tu," alisema. "Mashine ni yako."

Kesho yake saa tisa ukumbi ulifurika kuliko jana. Waliokwisha kuona walikuja tena kuona watu wakipaa. Festo alileta ndugu zake wanne na mfuko wa karanga.

Jukwaa la kunyongea likatokea. "Haya, tazameni sasa," sauti ya Kaspar ilisema, "stelingi anapanda..."

Ikakatika. Kikasikika kitu kidogo kigumu kikiwekwa juu ya mbao. Halafu ikabaki sauti ya banda la zamani: feni, mtu akikohoa, benchi likilia.

"Tafsiri!" Festo aliunguruma. "Oya Otmar, sauti! Tafsiri, bwana!"

Mbingu haikupasuka. Kamba zilibaki kamba. Mshale ulishuka arobaini, thelathini na tano, ishirini na nane. Watu walipiga miguu sakafuni, wakazomea, kisha mmoja mmoja wakaacha. Otmar aliweka mkono juu ya swichi ambayo ingemrudisha Mfumaji kwenye njia ya jana. Hakuibonyeza. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili. Ya tatu ilipotimia, Kampuni ikamzima Mfumaji, na ukumbi ukawa giza.

Hakuna aliyeinuka.

"Otmar." Ilikuwa sauti ya Festo, ndogo, bila mzaha. "Kwa hiyo kweli walikufa?"

"Walikufa, kaka. Wote."

Mtu alisukuma dirisha, mwanga wa alasiri ukaingia. Kunigunda alikuwa tayari mbele, miwani puani, daftari wazi. Hakupaza sauti. Alisoma jina la kwanza, akangoja kidogo, akasoma la pili. Kwenye jina la saba, ukoo ukiwa Mapunda, Festo alivua bangili yake ya mapigo, akaiweka sakafuni, akasimama.