Jina Lililokosekana Kwenye Fomu ya Bima

Kila asubuhi Reino Kangas alipika kahawa ya vikombe viwili. Alikunywa kimoja. Cha pili alikimwaga. Mkewe, Lempi, alikuwa amefariki mwaka mmoja na nusu uliopita, lakini mkono wa Reino ulikuwa bado haujapata habari.

Nyumba yao ilikuwa ukingoni mwa ziwa, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani. Waliijenga wenyewe, ubao kwa ubao, na Reino hakuwa na kingine cha kumkumbuka mkewe kilicho kikubwa hivyo. Ziwa likishaganda, wenye nyumba za mapumziko hufunga milango na kwenda zao. Upande ule walibaki watu wawili tu: Reino, na mjane mmoja wa nyumba ya tatu, Verna Haugen. Walipungiana mikono barabarani, basi. Sisi watu wa huku tuna ugonjwa wetu: tunaogopa kumsumbua jirani kuliko tunavyoogopa baridi.

Siku chache baada ya Krismasi daktari alimwambia Reino kwamba nyonga yake lazima ipasuliwe. Angelala hospitalini katika mji wa Duluth, kisha apumzike kwa binti yake. Wiki sita kwa jumla. Reino akaenda kwa wakala wa bima, Bonnie Maki, kutoa taarifa.

"Afadhali umekuja, Mzee Reino," Bonnie alisema. "Wengi huondoka kimya kimya. Maji yakiganda na bomba likapasuka, ndipo wanakuja hapa wanalia."

"Kwani silipi bima kila mwaka?"

"Unalipa. Lakini mkataba una masharti. Nyumba ikiwa tupu wakati wa baridi, uache mashine ya kupasha nyumba joto ikiwaka, au ufunge maji na kuyatoa yote mabombani."

"Kwa nyonga hii siwezi kutambaa chini ya nyumba. Nitaacha joto."

"Sawa. Ila mashine huzimika. Kwa hiyo kampuni yako inataka mtu aingie ndani kila baada ya siku tatu. Asipokuwepo mtu na nyumba ikaharibika, unaweza kukosa fidia."

"Binti yangu atapiga simu."

"Simu haipokelewi na bomba, mzee wangu. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Akampa fomu. Reino akaijaza, akairudisha. Bonnie akaisoma. Kwenye mstari wa mtu atakayeangalia nyumba palikuwa na jina la Lempi Kangas.

"Mzee Reino," alisema polepole, "Lempi tulimzika."

Reino aliitazama kofia yake. "Nikienda kuwinda, yeye ndiye aliyebaki. Miaka arobaini na moja. Sina jina lingine la kuandika, Bonnie."

Maskini, alisema kweli.

"Na Bi Verna?"

"Aa, nitamsumbua bure."

"Basi msumbue. Fomu hii siipokei bila jina la mtu aliye hai."

Jioni hiyo Reino alisimama mlangoni kwa Verna, ameshika ufunguo.

"Reino! Nani amekufa?"

"Hakuna. Nilikuwa... kama huna kazi nyingi..."

"Nina paka na redio. Ingia, unaniletea baridi!"

Alimweleza yote, macho yakiwa sakafuni. Verna alifungua droo akatoa karatasi. Ilikuwa fomu ya bima kama yake, na mstari ule ule ulikuwa mtupu.

"Nilitaka kwenda kwa dada yangu Krismasi," alisema. "Sikwenda. Sikuwa na wa kumwandika."

Reino aliomba kalamu, akaandika jina lake kwenye mstari ule.

Kesho yake alimwonyesha Verna koki kuu ya maji, kipimajoto cha ukutani na namba ya fundi. Akaondoka.

Katikati ya Januari simu ililia kwa binti yake. Alikuwa Verna.

"Reino, usishtuke. Mashine yako imezimika. Nimekuta nyumba ina nyuzi joto tatu tu."

"Mungu wangu! Mabomba?"

"Mazima. Nimeshafunga koki, na fundi yuko hapa anaitukana mashine yako. Wewe lala, ponya mguu."

Siku mbili zaidi, na nyumba ya Lempi ingekuwa barafu kutoka jikoni hadi chumbani.

Reino alirudi mwisho wa Februari, akitembelea mkongojo. Theluji ilifika madirishani. Lakini kutoka barabarani hadi mlangoni kwake palikuwa na njia nyembamba, imegandamizwa na nyayo za kwenda na kurudi. Tangu Lempi afe, theluji ya mlango ule ilikuwa haijakanyagwa ila na yeye mwenyewe. Alisimama pale akalia.

Asubuhi alipika kahawa ya vikombe viwili. Alikunywa kimoja. Akaishika birika juu ya sinki, akairudisha mezani, akapiga simu.

"Verna, sitaki kukusumbua. Kuna kahawa imebaki."

"Usiimwage," Verna alisema. "Navaa viatu."