Merikebu Iliyobebwa Mabegani

Zama zile Wazungu walipokuwa wakigawana maziwa ya Afrika kama watu wanaogawana mbuzi wa jirani aliyesafiri, aliishi fundi mmoja wa merikebu, Muayalandi, jina lake Fintan Magorrian. Jina hilo liliwashinda wapagazi, wakamwita Makori, naye akaliitikia mpaka siku ya kufa kwake.

Alitoka Belfast, mji wa moshi na nyundo, ambako merikebu ndefu kuliko mitaa ziliundwa kwa bamba za chuma. Aliingia karakana akiwa hajaota ndevu, kazi yake kupasha moto ribiti, zile pini nene zinazoshona bamba na bamba. Baadaye akawa mpiga nyundo, kisha mnyapara wa wapiga nyundo, hata akafikia cheo cha kuunda merikebu tangu mkuku, uti wake wa chini, hadi mlingoti. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa makovu ya moto, na alisema kidogo, kama watu wengi waliozoea kelele.

Lakini Makori alikuwa Mkatoliki katikati ya Waprotestanti, na mwaka wa 1912 chuki ya dini na siasa ililipuka kwao. Watu aliokula nao mkate miaka mingi walimfukuza karakanani kwa mvua ya ribiti. Akajitupa majini akaogelea hadi ng'ambo, sikio lake la kushoto likitoka damu, na sikio hilo halikusikia tena.

Hata hivyo si sikio lililomuuma zaidi. Mafundi wa kwao walikuwa na desturi kwamba aliyeunda merikebu husafiri nayo safari yake ya kwanza, mwili wake ukiwa ndiyo dhamana. Ikifika, amefika. Ikizama, hana haja ya kujieleza kwa mtu. Merikebu aliyokuwa akiiunda mwaka ule ilisafiri bila yeye, na aibu hiyo ilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Basi Waingereza walipotafuta fundi wa kuunda merikebu moja ndogo katika Ziwa Tanganyika, Makori aliikubali kazi kabla hawajamaliza kuieleza.

Merikebu yenyewe ilikuja vipande vipande. Bahari iliibeba hadi pwani, reli ikaibeba hadi ilipoishia, na kutoka hapo hadi bandari ya Kasoko hapakuwa na kitu cha kuibeba ila mabega ya watu. Wapagazi walikuwa Wanyamwezi, na kirangozi wao, mwongoza msafara, aliitwa Mihambo. Huyu alikuwa mtu wa maringo ya haki. Alitembea mbele amevaa joho jekundu na ngozi ya mbega kichwani, mkononi ana mkuki asioutumia, na hapakuwa na mpagazi aliyethubutu kutua mzigo kabla yake.

Safari ilikuwa mbaya. Bamba kubwa zilitungikwa kwenye miti na kubebwa na watu wanne wanne, na mmoja alipojikwaa, chuma kilimlalia. Birika la mitambo, tangi zito la mvuke, liliburutwa kwa kamba, likashuka kilima kwa hiari yake na kuwaua waliokuwa mbele. Kisha ndui ikaingia kambini. Waliokufa walizikwa kando ya njia, na mizigo yao ikagawanywa kwa walio hai. Makori alitembea nao, akabeba zamu yake kwenye miti kama wao, na hilo ndilo lililomfanya Mihambo amheshimu, maana Mzungu wa kubeba chuma hakuwahi kumwona.

Sasa nitasema kosa lililofanyika, na msomaji asicheke upesi. Kwa Wanyamwezi, msafara hauingii mjini kama kundi la waliofiwa, hata kama ndivyo ulivyo. Huoga, huvaa shuka mpya za merikani zilizofichwa safari nzima, hupiga ngoma na magobori, na mzigo hukabidhiwa ukiwa safi. Kwa hiyo siku moja kabla ya Kasoko, Makori akiwa ametangulia kutazama ufuko, Mihambo aliwapeleka watu wake mtoni. Wakazisugua bamba zote kwa mchanga na majivu, moja baada ya moja, mpaka zikang'aa kama masufuria ya harusi.

Wakaingia Kasoko kwa shangwe. Makori alisimama ufukoni akizitazama bamba zikipita, na uso wake ukazidi kubadilika.

"Kirangozi," alisema, "rangi iko wapi?"

"Rangi gani, Bwana Makori?"

"Kila bamba ilikuwa na alama ya rangi. Kulia au kushoto, mbele au nyuma, mwenzake ni yupi. Ziko wapi?"

Mihambo aliitazama mizigo yake inayong'aa. "Ule uchafu mwekundu? Tumeuondoa. Ungetaka niingie mjini na mzigo mchafu, watu waseme Mihambo amechoka?"

Makori aliketi juu ya kreti akafunika uso kwa mikono. Wapagazi walidhani analia, na labda walidhani sawa. Alipoinuka alisema, "Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini wewe huendi nyumbani, Kirangozi. Utakaa hapa na watu wako, tulishone hili jambo pamoja."

Walikaa. Kwa mwaka na zaidi waliinua bamba, wakaijaribu mahali, wakaishusha, wakajaribu pengine. Wapagazi wakajifunza moto na nyundo, na Mihambo akavua joho akawa mnyapara wa ribiti. Mkewe Kalunde na binti yao mchanga walihamia Mlowa, ng'ambo ya ziwa, palipokuwa na misheni na mashamba mazuri ya mihogo, pamoja na familia za wapagazi wengine. Mihambo alivuka kwa mtumbwi kila alipopewa ruhusa, na kila aliporudi alifanya kazi akiimba, tena kwa sauti mbaya sana.

Merikebu ikapata umbo. Lakini tezini, sehemu ya nyuma, bamba mbili chini ya mkanda wa maji ziligundulika zimebadilishana nafasi, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, nazo zimekwisha kushonwa. Matundu yake hayakulingana, yakatanuliwa kwa nguvu na kujazwa ribiti nene. Makori aligonga mshono ule kwa nyundo ndogo, akasikiliza kwa sikio lake zima, akatikisa kichwa. Alikusudia kuufumua baada ya masika.

Vita havikungoja masika. Wazungu walianza kuuana kwao, wakatuletea na sisi, maana ubaya wao hawakuwa wachoyo nao. Askari wa Kidachi, yaani wa Kijerumani, waliizingira Mlowa kwa mizinga, na waliokuwamo wakajifungia ndani ya ukuta wa misheni: wagonjwa, wanawake, watoto, na askari wachache wenye risasi chache. Wavuvi waliotoroka walileta habari Kasoko kwamba watu wanachemsha ngozi za ngoma na kuzila.

Nahodha aliyeletwa kuendesha merikebu, Mwingereza aitwaye Whitlock, alimwita fundi.

"Inaelea?"

"Inaelea bandarini," Makori alijibu. "Nipe mwezi mmoja niufumue mshono wa tezini, na ule mlango wa chumba cha ngama uliopinda niunyooshe. Kisha nitakuambia inaelea."

"Mlowa haina mwezi. Haina hata wiki."

Makori alitoka akamkuta Mihambo amesimama nje ya hema, naye alikuwa amesikia yote. Wakatembea pamoja hadi tezini, wakasimama chini ya zile bamba mbili.

"Ni mimi niliyezisugua," Mihambo alisema.

"Ni mimi niliyezishona."

"Mke wangu yuko kule, Bwana Makori. Sitakuficha. Ningekuwa peke yangu ningekuambia ungoje mwezi. Sasa nakuambia twende hata kwa ungo."

Makori aliupapasa mshono kwa kiganja. "Tutakwenda. Itakwenda polepole na itarudi nzito, na hapa ndipo itakapotuuliza swali."

"Nahodha amesema mafundi wabaki pwani."

"Mwambie nahodha kwamba kwetu fundi habaki."

Waliondoka ukungu wa alfajiri ukiwa bado umelala juu ya maji. Makori na Mihambo walikuwa ngamani, chumba cha chini kule tezini, kilichotengwa na chumba cha mitambo kwa ukuta na mlango mmoja wa chuma. Mlango huo ulikuwa umepinda tangu safari ya nchi kavu. Ulifungwa kwa skrubu upande wa mitambo, lakini skrubu peke yake hazikuubana ukaziba. Walipoujaribu bandarini, maji yalipita pembeni kama kupitia meno ya mzee, mpaka ulipopigiliwa kabari za mti kutoka ngamani, upande unaofungukia. Mshono wa tezini ulitoa machozi tu. Makori aliuwekea godoro na ubao, akaukaza kwa nguzo, akaridhika kidogo.

Mlowa walifika ukungu ukianza kupasuka. Watu walitoka ukutani wakikimbia kwenye maji ya kifua, wengine wamebebana, na hakuna aliyelia kwa sababu nguvu za kulia hazikuwapo. Sitaha ilijaa. Wagonjwa na wenye watoto walishushwa ngamani, wakabanana kama dagaa, na miongoni mwao alikuwa Kalunde, amekonda, mtoto mgongoni. Mihambo alimshika uso kwa mikono yenye masizi. Kisha akamketisha karibu na mlango.

Mizinga ya kilimani ikawaona wakiondoka. Makombora ya kwanza yalianguka mbali. Moja likaanguka ubavuni mwa tezi, maji yakainuka kuliko bomba la moshi, na merikebu nzima ikatikisika. Ngamani ribiti ziliruka moja moja kama mahindi kikaangoni, na mshono ukafunguka.

"Watoe," Makori alisema. Aliegemeza mgongo wake kwenye ubao, miguu ameikaza kwenye taruma, mbavu za merikebu, akiusukuma mshono kwa mwili wake wote. Maji yalimpita pande zote mbili. "Wote, Kirangozi. Upande wa mitambo. Wasikimbiliane."

Mihambo aliwapitisha mlangoni kwa sauti ile ile aliyoongozea misafara, ya ukali usio na hasira, na watu wakaitii. Wagonjwa walivutwa kwa mikono. Kalunde alikataa kutoka kabla ya bibi mmoja kipofu, wakatoka pamoja. Maji yalikuwa yamefika magotini, kisha mapajani. Wa mwisho alipovuka, ngama ikabaki na watu wawili.

"Sasa wewe, Bwana Makori. Achia, uje."

"Siwezi. Nguzo imeteleza, mguu wangu umebanwa chini."

Mihambo akarudi ndani hatua moja.

"Ukija hapa mlango utabaki wazi," Makori alisema, na sauti yake haikupanda. "Mitambo ikilowa tunasimama, tukisimama kilima kinatumaliza. Mkeo yuko nyuma yako. Funga."

"Nitakukata mguu. Ninalo shoka."

"Hakuna wakati. Mihambo, funga mlango."

Hakuwahi kumwita kwa jina kabla ya hapo. Mihambo alitoka, akauvuta mlango, akaanza kukaza skrubu, ya kwanza, ya pili, na zote zilizobaki. Kupitia chuma alisikia nyundo ikipiga. Aliamini rafiki yake anaugonga mlango aombe kufunguliwa. Hata hivyo hakufungua, na mkewe aliyekuwa karibu akayaona hayo yote. Kisha nyundo ikanyamaza.

Merikebu ilifika Kasoko tezi yake ikiwa chini ya maji na omo yake, sehemu ya mbele, juu, ikapandishwa mchangani. Waliofariki njiani walikuwa wachache. Nahodha Whitlock alipewa nishani, na waliosimulia vita vile walimsifu kwa ushupavu, naye hakuwa mwoga, tusimwonee. Fundi walimtaja kuwa mtumishi mmoja wa kiraia aliyepotea. Mihambo hakutajwa, na hakuomba kutajwa. Siku zile alikuwa hali wala hasemi, na watu walipomshukuru aliwageuzia mgongo, kwa maana ndani ya kichwa chake nyundo ile ilikuwa bado inapiga. Kalunde alimwambia, "Umetuokoa." Akamjibu, "Nimemfungia mtu aliyekuwa akibisha hodi."

Maji yalipopungua, maseremala wa jeshi walitaka kuukata mlango. Mihambo alikataa, akasema aliyefunga ndiye afungue. Akalegeza skrubu zote, moja baada ya nyingine, mbele ya nahodha na wapagazi wenzake. Mlango haukutikisika. Akausukuma kwa bega, wakaja watu wanne wakausukuma kwa mti, nao ukabaki palepale. Ikabidi watoboe sitaha na kumshusha Mihambo kwa kamba.

Alikaa kule chini muda mrefu, hata wenzake wakamwita. Makori alikuwa ameketi ameegemea mlango, nyundo mapajani. Miguu yake yote miwili alikuwa ameinyoosha mbele, mizima, haina hata mchubuko, na nguzo ilikuwa imeelea mbali, pembeni kabisa mwa ngama. Kabari za mti zilikuwa zimepigiliwa kuuzunguka mlango, juu, chini na pande zote, zikazama hadi mwisho, kama anavyopigilia fundi asiyetaka kazi yake irudiwe.

Mihambo akazing'oa kwa mikono. Alipoufungua mlango na kutoka amembeba rafiki yake mabegani, Kalunde alimwuliza ameona nini.

"Aliniongopea," Mihambo alisema, na wapagazi wake, waliomfuata katika njaa na ndui bila kumwona akidondosha chozi, wakasimama wakimtazama akilia.