Rangi Nyekundu Kwenye Memori

Siku ya soko pale Marikiti, Machakos, anayetembea kwa miguu hana haki yoyote. Mikokoteni inamfukuza, mama wa maembe anamsukuma kwa kiuno, na muuza dawa ya panya anampigia kelele za spika sikioni. Katika vurugu hiyo, mwaka wa 2004, alipita msichana mrefu mwenye blauzi ya manjano na sketi ya maua, kajifunga kitu mgongoni kwa leso. Akina mama waliompisha kwa heshima walishangaa kuona kwamba hakubeba mtoto ila sipiyu ya kompyuta, sanduku kuukuu lililopauka.

"Madam, huyo mtoto anaumwa?" aliuliza kijana aliyesimama mlangoni mwa duka la viatu.

"Anaumwa sana. Na sina wakati wa wachekeshaji."

"Hapana, niambie. Anafanya nini?"

"Amekataa kuwaka. Analia tu, tii, tii, tii."

"Hiyo ni memori. Haiui mtu. Lete hapa."

Kijana aliitwa Ndeti. Alikuwa fundi wa kompyuta, na kona aliyokodi ndani ya duka hilo la viatu ndiyo iliyokuwa karakana yake. Aliifungua sipiyu, akapuliza vumbi, akachomoa kijiti kimoja chembamba na kuyasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya kufutia penseli. Akakirudisha, akawasha. Mashine ikaamka.

"Umetumia raba ya watoto wa shule?" msichana aliuliza.

"Ulitaka nitumie nini, maombi?"

Msichana, jina lake Munyiva, alicheka kabla hajaamua kucheka. Mambo yalianzia hapo, na wote wawili walijua.

Munyiva alikuwa na ofisi ndogo ya kuchapa barua na kutoa kopi karibu na stendi ya mabasi. Ile kompyuta ilikuwa ndiyo hiyo moja, nayo kwa uzee wake ilikuwa na maringo. Kila ilipogoma Ndeti alikuja, na isipogoma alikuja vilevile. Alimfundisha Munyiva kuifungua, kuchomoa memori na kuisugua mwenyewe. Mchana walikula muthokoi pamoja, na jioni walipigiana simu, Ndeti akimwita mwendwa, mpenzi kwa Kikamba.

"Mwendwa, umelala?"

"Saa moja hii nilale kama kuku?"

"Nilitaka tu kujua kama kompyuta iko sawa."

"Kompyuta iko sawa. Mwenye kompyuta ndiye hayuko sawa. Amekumisi."

Kisha ikaja kazi iliyomwondolea Munyiva usingizi. Mwalimu Jeremiah, katibu wa kamati ya mtihani wa majaribio wa shule za tarafa, alimpa karatasi zote azichape. Mwaka uliotangulia mtihani ulikuwa umevuja, kwa hiyo safari hii masharti yalikuwa makali. Karatasi ikishachapwa, ile iliyoandikwa kwa mkono ilichomwa moto mbele ya Mwalimu Jeremiah mwenyewe. Hakuna kunakili chochote kwenye diski ya pembeni. Na sipiyu isivuke mlango wa ofisi. Kwa hiyo mtihani mzima, kuanzia hesabu hadi Kiswahili, ukawa unaishi ndani ya lile sanduku kuukuu peke yake. Na sanduku, kana kwamba limesikia, likaanza kuganda.

"Hii kazi ikipotea, Ndeti, nitasema nini?" Munyiva alilalamika. "Watasema nimeuza mtihani. Nitafunga ofisi nirudi Masinga kwa baba na aibu yangu."

"Usijali. Jumamosi nitakuja na memori nyingine. Nachomoa yako, naweka hiyo, tunajua mbovu ni gani."

Nzisa, mwenye saluni ya jirani, aliyasikia hayo, na Ndeti alipoondoka tu akaingia.

"Achomoe? Wewe Munyiva, umelogwa? Hao mafundi! Binamu yangu alipeleka kompyuta ikarudi na memori nusu. Wanatoa nzuri, wanakuwekea mbovu."

"Ndeti si wa hivyo."

"Wote si wa hivyo mpaka siku watakuwa. Weka alama. Si hata redio tukipeleka kwa fundi tunaweka alama?"

Neno baya halihitaji mguu, likiingia sikioni linatembea lenyewe. Ijumaa hiyo alasiri Munyiva alishusha pazia, akaifungua sipiyu vile alivyofundishwa na Ndeti mwenyewe, akapaka memori rangi nyekundu ya kucha aliyoazima kwa Nzisa. Tone likateleza hadi kwenye meno. Akalifuta kwa kidole harakaharaka na kuirudisha memori mahali pake rangi ikiwa bado mbichi. Alijiona kama mwizi ndani ya ofisi yake mwenyewe.

Jumamosi asubuhi alibonyeza kitufe cha kuwasha. Tii, tii, tii. Kioo kikabaki cheusi. Mwalimu Jeremiah alikuwa aje adhuhuri kuzichukua karatasi. Munyiva alinyakua simu.

"Mwendwa, niko Mlolongo kwa ofisi ya watu wa mawe ya ujenzi, natengeneza kompyuta yao," Ndeti alijibu. "Waliniita asubuhi. Namaliza nakuja."

"Ndeti, imekataa! Inalia! Na Mwalimu anakuja!"

"Pumua kwanza. Inalia aje?"

"Kama ile siku ya kwanza."

"Basi ni memori tu. Chomoa stima. Umechomoa? Sasa fungua, toa memori, sugua meno."

Munyiva aliitoa. Rangi nyekundu ilikuwa imekaukia katikati ya meno, wazi kabisa. Kwenye simu malori yalinguruma yakingoja zamu ya kupimwa uzito kwenye mizani ya barabarani.

"Unaona nini?" Ndeti aliuliza.

"Vumbi."

Uongo ulimtoka mwepesi, kisha ukamkaa kifuani. Alisugua kwa raba, akarudisha, akawasha. Tii, tii, tii.

"Bado?"

"Bado."

Sauti ya Ndeti ikabadilika. "Kama meno ni safi, pengine bodi yenyewe imekufa. Hapo itabidi nitoe hadi diski niende nayo kwangu."

"Haiwezi kutoka hapa!"

"Najua, mpenzi. Ndio maana nakuuliza pole pole. Meno ni safi kabisa? Leo macho yangu ni wewe."

Munyiva alipiga hesabu. Akisema, atampoteza Ndeti. Asiposema, utapotea mtihani, na ofisi, na jina lake. Na Ndeti kule Mlolongo alikuwa anahangaika bure kwa sababu ya kuliamini neno lake.

"Si safi," alisema kwa sauti ndogo. "Iko na rangi ya kucha."

"Rangi ya nini?"

"Nilipaka mimi. Alama. Ndio nijue kama... kama utaibadilisha."

Malori yalinguruma. Kisha simu ikakatika.

Munyiva alipiga tena, akaambiwa mteja hapatikani. Akapiga tena na tena. "Amenikatia," alilia, "amenikatia kabisa!"

Ukweli ni kwamba betri ya Ndeti ilikuwa imekwisha. Alisimama kando ya barabara, vumbi la mawe likimtua kichwani, moyo ukimuuma. Aliwaza kurudi ndani amalize kazi ya watu, Munyiva abaki na alama yake. Alipiga hatua kuelekea huko. Halafu akakumbuka jinsi Munyiva alivyotamka neno aibu, na miguu ikakataa. Alimpenda na kumkasirikia kwa pamoja. Akawaambia watu wa mawe kwamba ana mgonjwa Machakos, akaondoka.

Munyiva naye alikimbilia saluni kuomba dawa ya kutolea rangi.

"Pole, mimi nilisema tu," Nzisa alijitetea.

"Wewe ulisema. Aliyepaka ni mimi."

Aliyafuta meno kwa pamba mpaka yakang'aa. Akawasha. Tii, tii, tii. Alikaa chini sakafuni, sketi yake nzuri ikiloa dawa, akaanza kutunga maneno ya kumwambia Mwalimu Jeremiah. Hakupata hata moja.

Hivyo ndivyo Ndeti alivyomkuta. Hakusema mwendwa, wala habari. Aliitazama memori kwenye mwanga wa mlangoni, kisha akamulika kurunzi ndani ya sipiyu.

"Ilikuwa mbichi ukairudisha. Rangi imeingia kwa nafasi yake," alisema. "Lakini ziko nafasi mbili."

Aliikandamiza memori kwenye nafasi ya pili na kuwasha. Mashine ililia mara moja, kidogo, ikanyamaza. Kioo kikaangaza. Kabla Munyiva hajatoa hata pumzi, Ndeti alikuwa amesimama na kutoka barazani, mgongo ameupa mlango.

"Unaenda wapi?"

"Mtihani uko ndani. Nisije nikawekwa alama mimi pia."

Munyiva alimfuata. "Nisamehe, Ndeti. Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa kila kitu. Wewe ndiye ulikuwa karibu."

"Si ungeniuliza? Ungesema, Ndeti, chomoa nikiona. Ningefanya." Alimgeukia. "Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa anabadilisha vitu vya watu. Nilimwacha juu ya hiyo. Leo wa kunishuku ni wewe."

Mwalimu Jeremiah alikuwa anapanda ngazi, suti ya kijivu, mkoba kwapani. Alichungulia ndani, akaiona sipiyu imeachwa wazi.

"Nani amegusa hii mashine?"

Mlangoni mwa saluni Nzisa alimtikisia Munyiva kichwa kwa nguvu: kana! Na kukana kulikuwa rahisi. Munyiva angesema ni yeye tu, na angeaminiwa.

"Ilikufa asubuhi, Mwalimu. Aliyeifufua ni huyu, Ndeti."

"Fundi wa mtaani? Na tulikubaliana!"

"Tulikubaliana isitoke mlangoni. Haijatoka. Na ilipowaka tu, yeye ndiye alitoka."

"Nitajuaje? Nani anamdhamini?"

"Mimi."

"Wewe ni nani wake?"

Alimtazama Ndeti, kichwa cheupe kwa vumbi, macho yameangalia kando.

"Namngoja alete mbuzi wa ntheo, wa kunichumbia, kwa baba, Masinga. Kama bado anataka. Hata kama hataki, Mwalimu, bado namdhamini."

Mwalimu Jeremiah aliwatazama kwa zamu, kisha akafungua mkoba.

"Chapa," alisema. "Na wewe kijana, kaa kwa hiyo benchi nikuone mpaka nifunge bahasha ya mwisho. Simu yako nipe."

Ndeti aliitoa. "Haina moto, Mwalimu. Ilizima nikiwa Mlolongo, tukiongea."

"Ilizima?" Munyiva aliropoka. "Si ulinikatia?"

"Nikukatie na nikuje?"

Printa ilianza kutoa karatasi. Ndeti alikaa kwenye benchi, akajipangusa vumbi, akakohoa.

"Mwalimu, wiki ijayo utakuwa na nafasi?"

"Ya nini?"

"Baba yangu alikufa. Siwezi kupeleka mbuzi kwa watu bila mzee wa kunisemea."

Munyiva aligeuka, karatasi mkononi, machozi yakimtiririka, na Mwalimu Jeremiah akamkemea asilowanishe hesabu.