Kadi Isiyopigwa Muhuri

Kila asubuhi, baada ya chai na mkate wa kuchoma, Bibi Noreen alitoka na ndala zake hadi kwenye sanduku la barua getini. Zamani dada yake Dulcie alikuwa akimtumia kadi za posta kutoka kila alikosafiri. Tangu Dulcie afariki, sanduku lilileta bili na matangazo tu.

Kwa hiyo Tamsin, mjukuu wake, alipokwenda mji wa Alice Springs, katikati ya Australia, na wanafunzi wenzake, bibi alimpa stempu. "Nitumie kadi moja. Moja tu!"

Jumapili, siku moja baada ya Tamsin kurudi nyumbani Port Pirie, bibi aliingia jikoni kwake, ambako Tamsin alikuwa amekuja kumtembelea, na kadi mkononi.

"Imefika!" Tamsin alishangilia.

"Tangu lini posta ikaleta barua Jumapili?" Bibi aliibwaga kadi mezani. "Na muhuri wa posta uko wapi? Stempu safi kama imetoka dukani! Umeitia mwenyewe sandukuni, wewe mtoto!"

Uso ulimwiva Tamsin. "Basi nilisahau! Siku hizi nani anatuma kadi? Si nilikutumia picha kibao kwenye simu?"

"Picha zile umewatumia watu wote, mpaka jirani. Kadi huandikiwa mtu mmoja. Dulcie alikuwa akikaa chini, ananifikiria mimi, halafu anaandika. Wewe umenifanya mjinga!"

Tamsin alitoka akiubamiza mlango. Njia nzima alinung'unika kwamba bibi ana makuu. Lakini alipofika kwao, hasira ilikuwa imemgeukia mwenyewe.

Kesho yake alinunua kadi yenye picha ya gati la Port Pirie, akaandika: "Bibi, nilikuwa nikila aiskrimu na wenzangu nikasahau. Kisha nikaona aibu, nikakudanganya. Nisamehe." Akaipeleka posta.

Alhamisi bibi alimwita. Kadi ilikuwa mezani, imepigwa muhuri mweusi.

"Bado nimekasirika," bibi alisema.

"Najua, Bibi."

"Ungeniambia umesahau, ningenuna siku moja yakaisha. Lakini ukinidanganya, hata siku ukisema kweli nitakuwa naikagua kwanza. Ukikosea, sema umekosea, hata kama nitafoka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Bibi aliichukua ile kadi, akaibandika kwenye friji, kando ya kadi ya mwisho ya Dulcie.