Alfajiri ya Siku ya Thelathini

Kila alfajiri, kabla punda wa jirani hajaanza kulia, Tamiu alipanda ngazi hadi juu ya paa, akaketi akitazama mashariki. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Akishuka alimweleza babu yake alichokiona, kisha akachukua mtungi kwenda kuteka maji kwenye mfereji wa Nile, akarudi kumsaidia mama yake kusaga shayiri.

Babu yake, mzee Senu, alikuwa mtazama mwezi wa hekalu la Jehuti, mungu wa mwezi na hesabu, katika mji wa Khmunu. Mwezi mkongwe unapokaribia kufa huonekana alfajiri tu, mwembamba, muda mfupi kabla ya jua. Asubuhi ile usipoonekana tena, ndipo Wamisri wa kale walipoanza kuhesabu mwezi mpya. Makuhani, waokaji wa hekaluni na watu wote wa mjini walingoja neno moja kutoka kwa mzee Senu: "Leo haukuwepo." Akishalitamka, sikukuu ilianza, na mikate iligawiwa langoni.

Lakini mzee Senu hakuwa akiona tena. Ukungu mweupe uliingia machoni mwake miaka miwili iliyopita, ukazidi kidogo kidogo. Siri hiyo waliijua watu wawili tu, Tamiu na mama yake, Nubit. Baba yake Tamiu alikuwa mbali kwenye machimbo ya mawe, na nyumba nzima ililishwa na posho ya hekalu. Kwa hiyo Tamiu aliona, na babu akasema.

"Umebaki kiasi gani?" mzee aliuliza asubuhi ya siku ya ishirini na tisa.

"Kidogo sana, babu. Kama ukucha."

"Mwezi ni jicho la mungu Horo, na sasa jicho hilo linaumwa," mzee alisema taratibu. "Adui yake Sethi alipolinyofoa, alilitupa vipande vipande. Jehuti akaviokota, akavihesabu, akalitibu. Ndiyo maana sisi watu wa hekalu lake tunahesabu. Kesho uamke mapema zaidi. Kesho ndiyo siku yenyewe."

Siku hiyo ilikuwa ya mavuno ya kitani. Tamiu alishinda shambani na wenzake, aking'oa mashina mpaka viganja vikawaka moto. Alfajiri iliyofuata alifumbua macho kama kawaida. Baridi ilikuwa kali. Akajifunika shuka hadi shingoni, akajiambia atalala kidogo tu. Alipofumbua macho mara ya pili, mwanga wa jua ulikuwa umefika ukutani.

Aliketi kitandani ghafla. Pembeni kulikuwa na kikapu cha vigae ambavyo babu yake aliandika juu yake hesabu za kila mwezi. Tamiu alivitazama upesi. Mwezi uliopita ulikuwa na siku thelathini. Uliotangulia, ishirini na tisa. Uliotangulia huo, thelathini.

"Basi huu ni wa ishirini na tisa," aliwaza. "Ni zamu yake."

Mzee Senu alikuwa amekwisha kuvaa vazi lake jeupe, ameshika fimbo. "Mbona umechelewa? Umeona nini?"

"Haukuwepo, babu," Tamiu alisema.

Mzee hakuuliza tena. Alichovya kalamu katika wino, akaandika kwenye kigae kwa kupapasa, akatoka kwenda hekaluni.

Adhuhuri mji mzima ulikuwa langoni mwa hekalu. Watu walijipanga mstari, kila mmoja na kikapu chake. Tamiu alikuwa amekwisha kupewa mikate miwili ya sikukuu, bado ya moto, aliposikia sauti ya mwanamke mbele ya mlinzi wa lango. Alikuwa Beketi, mama mmoja mjane aliyefanya vibarua katika mashamba ya kitani.

"Mimi nauliza tu, ndugu yangu," Beketi alisema. "Sikukuu ni ya mwezi usioonekana. Na leo alfajiri nimeuona."

"Umeuona wapi?"

"Juu ya mitende, nikienda shambani. Mwembamba, lakini ulikuwepo. Niliusalimu, nikaomba. Mwanangu anaumwa macho."

Mlinzi akageukia watu. "Mnamsikia? Sikukuu haijaanza, yeye amekwisha kumaliza mtungi wa pombe."

Watu wakacheka. Kijana mmoja akasema, "Aliona miezi mingapi? Muulize vizuri."

"Sijaonja hata tone," Beketi alijibu. Alikuwa na watoto wawili, na mdogo alikuwa amefungwa kitambaa usoni. "Nasema nilichokiona."

"Mzee Senu ametazama mwezi miaka arobaini. Unamwita mwongo?" Mlinzi hakuwa akitabasamu tena. "Toka kwenye mstari. Anayetania jicho la mungu hali mkate wa mungu."

Beketi alisimama kidogo, kana kwamba hakusikia vizuri. Kisha akawashika watoto wake mikono, akaondoka na kikapu kitupu. Yule mdogo alikuwa akiuliza, "Mama, mikate imeisha?" Wanawake waliokuwa nyuma yake wakasogea mbele kujaza nafasi.

Tamiu aliona yote hayo akiwa hatua tano tu. Alijua kwamba neno lake moja lingemrudisha Beketi kwenye mstari. Neno hilo halikutoka. Alirudi nyumbani akitembea haraka, na kipande cha mkate alichomega njiani akakirudisha kikapuni.

Alimkuta babu yake ameketi kwenye mkeka, na mama yake akisaga. Tamiu akaweka mikate chini.

"Babu, leo alfajiri sikupanda juu."

Jiwe la kusagia likanyamaza.

"Nililala. Nilipoamka jua lilikuwa limetoka. Nikatazama vigae, nikaona ni zamu ya siku ishirini na tisa. Nikabahatisha."

"Mwezi haufuati zamu," mzee alisema. "Nimewahi kuandika miezi miwili ya thelathini, mmoja baada ya mwingine. Ungeniuliza, ningekuambia."

"Niliogopa."

"Uliniambia haukuwepo. Kumbe wewe ndiye hukuwepo."

Tamiu akainamisha kichwa. Akaeleza habari za Beketi, tangu mwanzo hadi swali la mtoto. Machozi yalimtoka, lakini hakuacha jambo hata moja.

Nubit alifuta mikono yake yenye unga. "Baba, nakuomba tunyamaze," alisema kwa sauti ya chini. "Ni siku moja tu. Beketi nitampelekea mikate yangu mwenyewe jioni. Ukienda hekaluni, watauliza kwa nini mtoto ndiye aliyetazama. Watajua macho yako. Watakutoa kazini, na sisi tutakula nini?"

Mzee Senu alikunja pindo la vazi lake kwa vidole, akalikunjua, akalikunja tena. Tamiu hakuwahi kumwona babu yake akiogopa, na sasa alimwona.

"Mkate utamshibisha," mzee alisema mwishowe. "Lakini ataendelea kuitwa mlevi, naye alisema kweli. Nubit, binti yangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeficha yangu miaka miwili, yameniumbua kupitia mtoto huyu. Tamiu, nipe fimbo. Na unishike mkono mbele za watu. Leo sitajifanya naijua njia."

Kuhani mkuu, Iuni, aliwapokea uani mwa hekalu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye maneno machache. Alimsikiliza Tamiu bila kumkatiza, kisha akamsikiliza mzee. Uso wake ulizidi kukunjamana.

Akainua mkono mbele ya mzee Senu. "Vidole vingapi?"

"Sioni vidole, Bwana wangu. Wala mkono siuoni. Najua tu kwamba umeuinua, kwa sababu ndivyo ningefanya mimi."

"Miaka miwili," Iuni alisema. "Miaka miwili tumempelekea mungu sadaka kwa macho ya mtoto, na hukuniambia. Ungeniambia, ningempa kazi hii mtu mwenye macho mazima, na wewe ungekuwa mwalimu wake. Sasa nimefanya sikukuu siku isiyo yake, na nimemfukuza mwanamke aliyekuwa mkweli kuliko sisi sote."

"Ni kweli, Bwana. Sina la kujitetea."

Iuni akatembea hadi kwenye nguzo na kurudi. Aliamua pale pale. Sadaka itatolewa upya kesho, kwa unga uliobaki ghalani. Makuhani wa zamu ya mwezi mpya, waliokwisha kuvuka mto, watasubiri siku moja. Mzee Senu hatakuwa tena mtazama mwezi. Atawafundisha vijana wa hekalu kusoma vigae vyake vya miaka arobaini, na posho yake itapungua nusu.

"Na wewe," alimwambia Tamiu, "kesho, watu wakiwa kwenye mstari, utasimama hapo langoni useme ulichofanya. Halafu utampelekea yule mama mikate yake nyumbani kwake, kwa mikono yako."

Usiku ule Tamiu hakulala vizuri. Lakini kesho yake alisimama langoni, akasema. Hakuna aliyecheka. Mlinzi wa lango alitazama pembeni, kisha yeye mwenyewe akajaza kikapu kwa mikate ya Beketi na kumkabidhi Tamiu.

Beketi alikuwa mlangoni kwake akiosha macho ya mwanawe kwa maji safi. Hakusimama.

"Shangazi, nimekuletea mikate yako. Ulisema kweli. Mimi ndiye niliyesema uongo."

"Niliitwa mlevi mbele ya watoto wangu," Beketi alisema.

"Najua, shangazi. Nilikuwepo. Niliona, nikanyamaza. Leo nimewaambia watu wote langoni."

Beketi alimfunga mwanawe kitambaa upya usoni. Kisha akapokea kikapu, akasogea kidogo kumpisha. "Ingia ndani. Mwanangu mkubwa yumo humo, tangu jana hataki kusema nami. Mwambie na yeye, kwa kinywa chako."

Tamiu akaingia, akamwambia.

Mwezi uliofuata haukuwa rahisi. Mama yake alifuma nguo hadi vidole vikavimba ili kuziba pengo la posho, na Tamiu alifuma pamoja naye. Hata hivyo, mzee Senu alianza kutembea mjini mchana akiongozwa, akawauliza watu majina yao badala ya kuyabahatisha. Mtazama mwezi mpya, kuhani kijana aliyeitwa Hori, alikuja kumwuliza jambo kila jioni. Na ni Hori aliyeomba Tamiu aendelee kutazama kutoka juu ya paa lao, ili macho yawe ya watu wawili.

Siku ya thelathini ilipofika, upepo wa jangwani ulivuma tangu usiku. Tamiu alipanda juu mapema, akajifunga kitambaa usoni. Mashariki yote ilikuwa rangi ya matofali. Alitazama bila kuondoa macho, mpaka jua likatokea kama sahani ya shaba.

Hori alikuja mbio. "Mimi sikuona kitu kule hekaluni. Wewe je? Ulikuwepo au haukuwepo? Makuhani wananingoja."

Tamiu angeweza kusema neno moja tu, na kila mtu angefurahi.

"Kulikuwa na vumbi," alijibu. "Nilitazama mpaka mwisho. Sijui."

"Nikawaambie makuhani 'sijui'?"

"Kawaambie hivyo hivyo," mzee Senu alisema akiwa mlangoni. "Waandike kwamba kulikuwa na vumbi, na siku hii waihesabu kuwa ya thelathini, sikukuu iwe kesho. Mwezi hauzidi thelathini, kwa hiyo hamtapotea njia." Hori akashusha pumzi, akaondoka.

Tamiu akaketi karibu na babu yake, akimsaidia kupangusa vumbi kwenye nyusi.

"Mjukuu wangu," mzee alisema, "aliyeona aseme ameona. Aliyelala aseme amelala. Na asiyejua aseme hajui, hata kama mji mzima unamngoja. Aibu ya kusema kweli hupita, nimeionja na imepita. Lakini uongo hata ukiwa mdogo, kuna mtu mahali fulani anayeulipia, na mara nyingi ni mtu asiye na kosa wala mkate."

Kisha akamnyooshea mkono, wakaenda pamoja kuteka maji.