Lituma Niliyokula Matangani

Je, kinywa kinaweza kusamehe jambo ambalo moyo haukuombwa kulisamehe? Nimewafundisha wengi kujibu maswali, lakini hili sijapata jibu lake...

Ndugu wasomaji, nina umri wa miaka arobaini na sita. Nilihitimu chuo kikuu hapa hapa Kisangani, nina mke na binti, na ninafundisha historia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu hudhani kwamba mambo yaliyopita nayamudu. Laiti wangejua!

Tulikuwa marafiki watatu katika komini ya Tshopo, mojawapo ya wilaya za mji huu: mimi, Saidi na Toussaint. Saidi ametoka katika zile familia za Kiislamu za wafanyabiashara wa kale. Leo ni fundi cherehani sokoni. Toussaint alikuwa mwana wa wavuvi wa Isangi, aliyeletwa mjini kusoma. Tuliogelea pamoja, tukala pamoja, na siku moja tukakamatwa pamoja. Nyaya za umeme zilikuwa zimeibwa karibu na uwanja wa zamani wa ndege wa Simi-Simi, mahali tulipozoea kucheza mpira, na watoto watatu wasio na wa kuwatetea wakatosha kuwa wezi.

Hatukuiba, ndugu zangu. Hata kipande!

Tulifungwa katika nyumba ya watoto waliokosa. Mlinzi wake alitulazimisha tumwite Papa, yaani baba. Aliyesahau alipigwa. Aliyelia alifungiwa ndani ya tangi kavu la maji, uani, juani, mpaka sauti imwishie. Toussaint alipigwa kuliko sisi sote, na alitoka mle akiwa kiziwi wa sikio la kushoto. Mimi jeraha langu halionekani: hadi leo, binti yangu Esther akiniita "Papa" kwa ghafla, mabega yangu hujikunja kabla sijamwitikia.

Tulinyamaza miaka mingi. Toussaint aliugeuza uziwi wake kuwa mzaha.

"Sema kwa hii sikio iko na kazi," alikuwa akituambia. "Ile ingine iko congé!"

Sikio lililo likizoni! Tulicheka. Tungefanya nini kingine?

Kisha habari ikaenea mtaani. Mlinzi yule, ambaye sasa ni mzee mwenye mvi na heshima zake katika mtaa wetu huu huu, alikuwa anajiandaa kufungua nyumba ya kulea watoto wa barabarani. Watoto tena! Mikononi mwake tena! Toussaint alinijia nyumbani. Aliniambia neno moja tu: tangi.

Tukaamua sote watatu kwenda kwa mwendesha mashtaka. Mwanasheria mmoja alituonya kwamba kesi ya kale namna ile ni ngumu. Lakini watu watatu wakisema neno moja, huenda wakamzuia asikabidhiwe watoto. Watatu! Neno hilo lilitutia nguvu...

Kabla hatujaenda, malaria ilimwangusha Toussaint. Tulidhani itapita kama zilivyopita nyingine. Haikupita.

Tulirudi kutoka makaburini mchana. Majirani walikuwa wameleta vyakula, kama ilivyo desturi. Nani huuliza chakula cha matanga kimepikwa na nani? Saidi mwenyewe aliniwekea mbele bakuli jekundu la lituma, zile ndizi zetu zilizopondwa, na kipande cha samaki juu yake.

"Kula, ndugu. Tangu asubui hauyakula kitu. Ao unataka tukuzike na weye?"

Nikala. Nikamaliza. Nikamshukuru Mungu kwa kuniachia rafiki mmoja...

Nilipoinua kichwa, watu wote walikuwa wakinitazama. Mke wa Mlinzi alikuja kulichukua lile bakuli. Nyuma yake alisimama Mlinzi mwenyewe.

"Aksanti, mutoto yangu," alisema. "Sasa maneno iliisha."

Yawapasa kuelewa: kwetu, ugomvi mkubwa huzikwa kwa chakula. Aliyekosa hupika, aliyekosewa hula mbele ya watu, na baada ya hapo anayefufua maneno ndiye mkosaji. Nami nilikuwa nimekula mbele ya mtaa mzima!

Nilimvuta Saidi kando. Je, alijua ni nani aliyepika?

"Nilijua."

"Juu ya nini, Saidi? Sababu gani?"

Hakunitazama. "Mi nilichoka. Alikuya kwangu, akalia. Nilikula yake jana. Bon, nikaona na weye utapumuzika."

Nipumzike! Maadui wangu wote hawajawahi kuniumiza kama huruma ile ya rafiki yangu.

Tangu siku hiyo nilibaki peke yangu. Wazee wa mtaa waliniuliza, kwa upole, ni mtu gani anayekula cha mwenziwe kisha akampeleka mahakamani. Vijana wa toleka, wale wabebao abiria kwa baiskeli, hawakuwa na upole huo.

"Tazameni Monsieur Tribunal!" walipiga kelele, wakiniita Bwana Mahakama kwa Kifaransa. "Tumbo inasema ndiyo, kinywa inasema hapana!"

Hata mke wangu alilia. "Papa Esther, acha. Tutaikala na nani hapa?"

Nilizoea kwenda kuketi kando ya mto, mahali tulipoogelea utotoni. Mara nyingi nilijikuta nimekaa upande wa kulia wa mahali alipozoea kukaa Toussaint, karibu na lile sikio lake zima. Hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye...

Ile nyumba ya watoto ya Mlinzi ilikuwa imekwisha kupakwa rangi nilipokwenda kumsalimu mjane wa Toussaint. Nilimweleza aibu yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akifuta kiti ambacho kilikuwa safi tayari.

"Ninyi wote munasema nani alikula," aliniambia. "Toussaint yeye hakukula."

Ndugu wasomaji, nawasihi! Msingoje mpaka mashahidi wenu walale kaburini. Aliyeumizwa utotoni aseme mapema, angali na wenzake wa kusimama naye. Na wewe unayempenda rafiki yako, usimsamehe adui yake kwa niaba yake. Amani aliyopewa mtu bila kuulizwa ni kifungo cha pili.

Jioni ya siku niliyomtembelea mjane niliketi jikoni kumenya ndizi. Sijui kumenya. Mke wangu akaninyang'anya kisu, akapika yeye.

Asubuhi iliyofuata, majirani wakifagia nyua zao, nilisimama kwenye mlango wa Mlinzi na bakuli lililojaa lituma na samaki. Nililiweka chini mbele yake.

"Chakula yenu ni hii. Nimeirudisha. Hatukukula pamoja."

"Mutoto yangu..." alianza.

"Mi si mutoto yako."

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, sikumwita Papa. Mafagio yalikuwa yamesimama mtaa mzima. Saidi, aliyesimama mlangoni kwa nyumba yake mwenyewe, alinitazama, akainamisha kichwa. Nilimngoja kidogo... Hakuja.

Nikapanda toleka hadi kwa mwendesha mashtaka. Karani alichungulia nyuma yangu, akaniuliza:

"Muko wangapi?"

"Niko mumoja," nikamjibu. Nikavuta kiti, nikaketi, nikaanza kusema.