Kibandiko Kwenye Karatasi ya Majibu

Mimi na binti yangu ni washonaji. Mimi naendesha cherehani, yeye anatia vifungo. Sindano ikinichoma mimi, nanyonya kidole na kazi inaendelea. Ikimchoma yeye, damu haikomi. Mwezi uliopita damu hiyo ilichafua shati jeupe la mteja, nami nikamgombeza. Najuta mpaka leo.

Kisha akapangiwa upasuaji wa koo siku ya Alhamisi. Daktari alitaka kwanza apimwe kama damu yake inaganda sawasawa. Foleni ya hospitali ilikuwa ndefu, tukaenda kwa Bwana Chapchap, mwenye chumba cha vipimo karibu na stendi. Alitupa karatasi: damu inaganda vizuri. Chini yake alibandika kibandiko alichobandua kwenye kichupa cha dawa yake ya kupimia.

"Mama, hiki kimetoka ng'ambo," alisema.

Ng'ambo tena! Nikaamini.

Jumanne jirani yetu alikuja kuchukua koti lake jeupe la kazi. Yeye ni mtaalamu katika maabara ya utafiti. Aliiona karatasi mezani, akasoma kile kibandiko, akakunja uso.

"Dada, nani kakupa hii?"

"Bwana Chapchap. Kwani vipi?"

"Hapa wameandika: kwa utafiti tu, si kwa kupima wagonjwa. Hata sisi tunacho, lakini hatumpimii mtu."

"Ni kitu gani hicho?"

"Kinaitwa kingamwili. Kimetengenezwa kitambue kitu kimoja na kukishika. Hiki kinashika kimeng'enya, yaani kitu kilichomo kwenye damu kinachoisaidia kuganda. Kikishika, mtafiti anajua kimeng'enya kipo."

"Basi si ndiyo majibu hayo? Kipo!"

Jirani akachomoa sindano ya cherehani yangu.

"Cherehani ipo?"

"Ipo."

"Haya, shona."

Nikaitazama cherehani isiyo na sindano. Binti yangu naye akashika shingo yake.

"Kuwapo si kufanya kazi," alisema jirani. "Hospitali wanachukua damu mbichi, wanahesabu inachukua muda gani kuganda. Hicho ndicho kipimo. Nendeni, hata kama foleni inafika barabarani."

Hasira ilinipanda. Mtu mzima anacheza na roho ya mwanangu kwa kibandiko!

Jumatano alfajiri tulikuwa hospitali. Majibu yalitoka: damu yake inachelewa sana kuganda. Daktari aliahirisha upasuaji, akampa dawa ya kusaidia damu kuganda. Baada ya wiki mbili alimpasua, na binti yangu akatoka salama.

"Ningeifuata karatasi ile ya kwanza," daktari aliniambia, "damu ingetushinda."

Binti alipopata nafuu, tulikwenda kwa afisa wa afya kutoa taarifa. Kisha tukapita kwa Bwana Chapchap. Watu walikuwa wamejaa kwenye benchi.

"Ulimpima mwanangu kwa kitu kisichopima wagonjwa!" nilimwambia.

Akacheka. "Mama, damu ni damu. Wewe mshonaji, unajua nini mambo ya maabara?"

Mwaka huu nimejifunza kusoma, katika darasa la watu wazima. Jirani alikuwa amenitafsiria kibandiko, akaandika maneno kwa herufi kubwa pembeni. Niliinua karatasi juu, nikayafuata kwa kidole.

"Kwa... u-ta-fi-ti... tu. Si kwa... ku-pi-ma... wa-go-njwa."

Kicheko cha Bwana Chapchap kikakatika. Mzee mmoja akashusha mkono wa shati aliokuwa ameshaukunja, akainuka.

Binti yangu alinivuta kitenge. Sauti yake ilikuwa bado inakwaruza.

"Rudia, mama. Wa nyuma hawajasikia."